Upungufu wa vitamini na madini na kinga ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara: kliniki, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, hata kwenye foleni ya duka la dawa. Mvumi ya Dodoma, Pemba na Dar es Salaam zitatajwa sana humu, kwa sababu baadhi ya majaribio yaliyoifundisha dunia kuhusu lishe na kinga yalifanyika huko, na sisi wenyewe hatuyasikii sana.

Vitamini na madini vinahusiana vipi na kinga ya mwili?

Kinga inaanzia nje. Ngozi, na utando ulioko ndani ya pua, koo, mapafu na utumbo, ndio ukuta wa kwanza. Vitamini A huufanya utando huo ubaki laini na kutoa ute. Ikikosekana, utando hukauka na kukakamaa, ute hupungua, na vijidudu hupata pa kupenyea.

Nyuma ya ukuta huo kuna chembe nyeupe za damu. Zikimgundua adui hutakiwa kuzaliana kwa wingi ndani ya siku chache, na kazi hiyo inahitaji zinki, madini chuma, foleti (ile ya vidonge huitwa asidi ya foliki) na vitamini B6 na B12. Kuna pia thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo aina moja ya chembe hizo, seli T, hukomazwa. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali tezi hiyo husinyaa sana, na upungufu wa zinki ni sababu mojawapo. Vitamini C nayo hulimbikizwa ndani ya chembe nyeupe kwa kiwango kinachozidi mno kile kilichomo kwenye majimaji ya damu.

Tusisahau upande wa pili: maradhi nayo hula virutubisho. Homa kali humfanya mtoto apoteze vitamini A kwa njia ya mkojo, kuhara kunatoka na zinki, safura inanyonya damu, na mgonjwa mwenyewe hataki kula. Ndiyo maana mtoto akitoka kwenye nimonia anaingia kwenye kuhara, akitoka huko anaumwa tena, na bibi anaanza kusema kuna mkono wa mtu.

Mwanangu anakula anashiba. Anaweza kweli kupungukiwa?

Anaweza, na hao ndio wengi. Sembe nyeupe imekobolewa. Kiini na pumba zilizoondolewa ndizo zilizokuwa na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Dona inabaki navyo, ila ina pia faiteti, kemikali ya asili kwenye nafaka na kunde ambayo hushikamana na zinki na chuma tumboni na kuzuia visifyonzwe. Mtoto wa ugali na mchuzi wa maharage asubuhi hadi jioni anaweza kuwa na tumbo lililojaa, uzito wa kuridhisha kwenye kadi, na zinki kidogo mno. Wataalamu huita hali hii njaa iliyofichika.

Kwa nini watoto hupewa matone ya vitamini A wakati hawaumwi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mwaka 1932, daktari Joseph Ellison wa London aliwagawa watoto 600 wenye surua katika makundi mawili. Watoto 300 walipewa mafuta ya ini la samaki, ambayo yana vitamini A nyingi, na wengine 300 hawakupewa. Walikufa 11 katika kundi la kwanza na 26 katika la pili. Halafu jambo hilo likasahaulika kwa karibu nusu karne.

Lilifufuka Indonesia. Alfred Sommer, daktari wa macho, alikuwa akichunguza watoto wasioona gizani kwa kukosa vitamini A, akagundua kwamba walikuwa wakifa kuliko wenzao, hata wale ambao macho yao yalikuwa yameathirika kidogo tu. Jaribio lake la Aceh lililochapishwa mwaka 1986 lilionyesha vifo vya watoto kupungua kwa takriban theluthi moja katika vijiji vilivyogawiwa vitamini A. Wengi hawakuamini. Vidonge viwili kwa mwaka vipunguze vifo kiasi hicho?

Mwaka 1987 yakaja majibu ya Hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini 88 waliongezewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kwanza na nyingine kama hizo kesho yake. Kati yao walikufa sita. Katika wale 92 ambao hawakuongezewa, walikufa 12. Mwaka huohuo mashirika ya kimataifa ya afya yakaanza kupendekeza vitamini A kwa wenye surua katika nchi zenye upungufu, na hadi leo mtoto wa surua akifikishwa kituoni ni lazima apewe.

Kwa watoto wasioumwa, utaratibu ni mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi 6 hadi 59. Tanzania hufanya Juni na Desemba. Kenya wana Malezi Bora, Mei na Novemba. Nesi huchukua kidonge laini, hukata ncha yake kwa mkasi, humwambia mama amshike mtoto kidevu, kisha hukikamua matone yakaingia mdomoni. Cha bluu ni yuniti 100,000 kwa walio chini ya mwaka, chekundu ni 200,000 kwa waliozidi. Mtoto hukunja uso, kwa sababu ni mafuta, na foleni inasonga.

Basi nimnunulie nimpe kila mwezi?

Hapana. Vitamini A haitoki kirahisi mwilini, hujilimbikiza kwenye ini. Ikizidi huleta kutapika, maumivu ya kichwa, na kwa mtoto mchanga utosi kuvimba. Mjamzito asimeze dozi hizo kubwa kabisa, na maini asiyafanye kitoweo cha kila siku, kwani vitamini A nyingi mno mwanzoni mwa ujauzito inaweza kumharibu mtoto tumboni.

Tena faida ya matone hutegemea ukubwa wa pengo. Kaskazini mwa India yalifanyika majaribio yaliyohusisha watoto wapatao milioni moja, matokeo yakatoka mwaka 2013, na faida iliyoonekana katika vifo ilikuwa ndogo mno kuthibitika. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Mimi sioni kama matokeo hayo yanaifuta Mvumi: kwenye surua nyingi na vitamini A kidogo tone hilo huokoa maisha, na mazingira yakibadilika kazi yake hupungua.

Kwa nini mtoto akihara anaandikiwa zinki?

Kwa sababu inafupisha kuhara na kupunguza uwezekano wa kurudi miezi michache baadaye. Tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF wamependekeza zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya tatu choo kinapokaza. Siku zilizobaki ndizo zinazojaza kilichopotea, kwa hiyo maliza vidonge vyote ulivyopewa.

Akitapika kila ukimpa, mwambie mhudumu. Jaribio kubwa lililofanyika Tanzania na India, likachapishwa mwaka 2020, lilionyesha kuwa dozi ndogo zilifanya kazi sawa na ile ya miligramu 20 iliyozoeleka, na watoto walitapika kidogo zaidi.

Mwanangu hana damu ya kutosha. Nimpe vidonge vya damu mwenyewe?

Usianze mwenyewe, hasa unakoishi kukiwa na malaria. Sababu iko Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwagawia watoto wa Pemba, wa umri wa mwezi mmoja hadi 35, madini chuma na asidi ya foliki kila siku. Jaribio zima, pamoja na waliopewa vidonge vitupu, lilikuwa na watoto zaidi ya 24,000. Nia ilikuwa njema: upungufu wa damu umejaa, na chuma kinahitajika na damu na kinga pia. Agosti 2003 kamati ya usalama ikasimamisha ugawaji wa chuma. Waliopewa walikuwa wakilazwa hospitali au kufariki zaidi ya waliopewa vidonge vitupu, kwa takriban asilimia 12.

Imekuwaje? Vijidudu navyo vinahitaji chuma ili kuzaliana, vimelea vya malaria wakiwemo. Mwili unalijua hilo. Maambukizi yakiingia, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma utumboni na kukifungia kile kilichopo ndani ya chembe maalumu ili adui asikipate. Ukimmiminia mtoto vidonge wakati huo, unakwenda kinyume na mwili wake.

Lakini habari ya Pemba haiishii hapo, na sehemu ya pili watu huwa hawaisimulii. Ndani ya jaribio hilo kulikuwa na kundi dogo lililopimwa damu na kupata matibabu mazuri zaidi ya malaria. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kwelikweli pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Chuma kilikuwa hatari pale kilipotolewa kwa kila mtoto bila kujua nani anakihitaji na malaria ikiwa haijadhibitiwa. Kwa hiyo msimamo wa sasa ni kwamba chuma kinaweza kutolewa penye malaria ikiwa kinga na tiba ya malaria vipo.

Kwa mtoto wako maana yake ni hii: apimwe malaria, achunguzwe minyoo, na ijulikane kama ana seli mundu. Mwenye seli mundu hupungukiwa damu kwa sababu chembe nyekundu zinavunjika, na si lazima awe anakosa chuma. Huyo kwa kawaida hupewa asidi ya foliki, na chuma hupewa pale tu kipimo kinapoonyesha upungufu. Mjamzito yuko mbali na tahadhari hii: ameze vidonge vyake vya kliniki kama alivyoelekezwa, pamoja na dawa ya kuzuia malaria na chandarua.

Je, juisi ya rozela au bitiruti inaongeza damu?

Rangi nyekundu haina uhusiano na damu. Ni vinywaji vizuri, bitiruti ina foleti, ila chuma chake ni kidogo. Ukitaka chuma kinachofyonzwa vizuri, kiko kwenye maini, nyama, dagaa na samaki. Kile cha mboga na maharage hufyonzwa zaidi ukila pamoja na kitu chenye vitamini C: kamulia ndimu kwenye maharage, au kula chungwa na mlo. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume chake, kwa hiyo isogeze mbele saa moja au mbili.

Na kama unakula udongo ule unaouzwa sokoni, usione aibu kumwambia nesi. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unazidisha tatizo kwa kuzuia chuma kufyonzwa, ukiacha mayai ya minyoo.

Malimau na vitamini C vinazuia mafua?

Kwa mtu wa kawaida, hapana. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kuwa anayemeza vitamini C kila siku hupata mafua kama wengine, ila yanaisha mapema kidogo: kwa mtu mzima kwa takriban asilimia 8, kwa mtoto 14. Ukianza kumeza baada ya kuanza kupiga chafya, faida haionekani dhahiri. Walionufaika kweli ni watu wa mikikimikiki mizito, kama wakimbiaji wa marathoni na askari waliokuwa mazoezini kwenye baridi kali. Kwao mafua yalipungua kwa karibu nusu.

Wakati wa korona malimau na tangawizi vilipanda bei mpaka sokoni watu wakagombana. Pera moja tu lingetosha: gramu 100 za pera zina vitamini C kama mara nne ya chungwa. Ubuyu nao unayo nyingi.

Jua lote hili, mtu wa Afrika Mashariki anaweza kukosa vitamini D?

Anayeshinda nje, ni nadra. Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya jadi Tanzania, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati nchi nyingi za Ulaya huridhika na 50. Ila anayeanza ofisini alfajiri na kutoka giza limeingia, au anayejifunika mwili mzima na kutoka nyumbani kwa gari, ni habari nyingine. Ndugu zetu walioko Muscat wanalijua hili. Ghuba ina jua kali na bado upungufu wa vitamini D ni wa kawaida, hasa kwa wanawake. Walioko Uingereza wenye ngozi nyeusi au wanaojisitiri mwili wanashauriwa na serikali ya huko kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Kuhusu kinga: vitamini D huzisaidia chembe nyeupe kutengeneza protini inayoua vijidudu, vikiwemo vya kifua kikuu. Maabara inapendeza. Lakini nchini Mongolia watoto wa shule zaidi ya 8,800, ambao wengi wao walikuwa na upungufu, walipewa vitamini D au kidonge kitupu kila wiki kwa miaka mitatu. Vitamini D ilipanda katika damu zao. Maambukizi ya kifua kikuu hayakupungua. Kwa hiyo jaza pengo kwa ajili ya mifupa yako, na usitarajie miujiza mapafuni.

Ninatumia ARV. Nimeze multivitamini kuongeza kinga?

Dar es Salaam imelijibu swali hili mara mbili, na majibu ni tofauti.

Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, ARV zikiwa hazijafika. Wajawazito 1,078 wenye VVU waliingia kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na Harvard. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa katika waliopewa vitamini za kundi B, C na E, asilimia 24.7 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au kufariki, dhidi ya 31.1 ya waliopewa vidonge vitupu. Kidonge cha bei rahisi kilikuwa kimeununua muda. Vitamini A katika utafiti huohuo haikusaidia, na ilihusishwa na ongezeko la maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Mara ya pili, ARV zilikuwa zimefika. Watu 3,418 waliokuwa wakianza dawa walipewa multivitamini za dozi kubwa au za dozi ya kawaida. Utafiti ulisimamishwa mapema, Machi 2009. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuuzuia ugonjwa kusonga, na ilionyesha dalili za kuliumiza ini.

Kinachopandisha CD4 zako, zile chembe nyeupe ambazo VVU huzishambulia, ni ARV, kila siku, saa ileile. Multivitamini ya kiwango cha kawaida haina ubaya kama mlo ni duni, ila mwonyeshe mhudumu wa CTC, kliniki yako ya VVU, kabla ya kuianza, kwa sababu zenye chuma, zinki au kalsiamu zinaweza kuingiliana na baadhi ya ARV, dolutegraviri ikiwemo.

Na mgonjwa wa kifua kikuu?

Chakula kwanza. Jharkhand, India, familia za wagonjwa zilizopewa vyakula vya mwezi na virutubisho zilipata wagonjwa wapya wachache kwa takriban asilimia 39 kuliko zile ambazo hazikupewa. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Kile kidonge cha B6 unachopewa pamoja na dawa za TB kazi yake ni kuzuia ganzi ya miguu inayoletwa na isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo.

Naweza kupimwa damu nijue nimepungukiwa nini?

Baadhi, ndiyo, ila usipime ukiwa unaumwa. Maambukizi hushusha zinki, chuma na vitamini A kwenye damu, na hupandisha feritini, kipimo cha akiba ya chuma. Mtu asiye na chuma anaweza kuonekana anacho, kisa ana malaria. Mwenye kisukari anayetumia metformini kwa miaka aulize kuhusu B12, kwani dawa hiyo huishusha.

Dawa za kuongeza kinga zinazouzwa mtandaoni je?

Kama hukupungukiwa, unanunua mkojo wa gharama, maana sehemu kubwa ya ziada hutoka nao. Wakati mwingine ni vibaya zaidi: anayemeza zinki nyingi kwa miezi hupoteza madini ya shaba, na shaba ikipungua chembe nyeupe nazo hupungua. Yaani alitafuta kinga akaipunguza. Mtu mzima asizidishe miligramu 40 za zinki kwa siku bila daktari.

Nile nini basi, kwa pesa ndogo?

Dagaa wazima, na vichwa vyao. Mchicha, matembele, kisamvu au majani ya maboga, yaliyoungwa kwa nazi au karanga, maana vitamini A ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa: kimoja kidogo kwa siku kinamtosheleza mtoto mdogo vitamini A, na Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi iliyovisambaza viazi hivyo na mazao mengine ya aina hiyo. Walioko Kigoma, Burundi na Kongo wana mawese. Msiyachemshe mpaka yakawa meupe, wekundu ule ndio wenye mali.

Kwa uji wa mtoto, tumia kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu hadi uchipue, uanike, uondoe mizizi, usage. Kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito huulainisha, hivyo unaweza kuweka unga mwingi na mtoto bado akaunywa, na kuchipusha hupunguza ile faiteti.

Na unga na mafuta vilivyoongezewa virutubisho? Vizuri, nunua vikiwepo. Tatizo ni kwamba mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya mtaani mara nyingi hayajaongezewa chochote.

Mtoto amedhoofu sana lakini hana homa. Nisubiri?

Usisubiri. Mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi makubwa mwili usiwe na nguvu hata ya kupandisha homa. Miguu yote miwili ikivimba, au utepe wa kupima mkono ukiangukia kwenye nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, apelekwe siku hiyohiyo. Huko atapewa antibayotiki hata kama haonekani kuumwa, na akilazwa hataanzishiwa dawa ya chuma mpaka hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda. Usimpe vidonge vya damu njiani.